Upepo wa chomboni: maana yake kwa mpanda foili

Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 40 kwa saa, asubuhi ambayo hata makuti ya minazi hayatikisiki, hupigwa na upepo usoni na shati lake hujaa kama tanga. Upepo huo haukuletwa na hali ya hewa, bali umezaliwa na mwendo wake mwenyewe. Siku nyingine upepo wa kweli ukimvumia mgongoni kwa kasi ileile anayokwenda, shati hulala, na moshi wa pikipiki humwandama asijue pa kuukwepea. Mabaharia wanaotumia tanga hulazimika kutofautisha mambo mawili hayo, na katika makala haya nitayapa majina mepesi. Upepo anaoupima mtu aliyesimama mchangani nitauita upepo wa ufukweni. Ule unaomfikia aliye juu ya chombo kinachokwenda, ambao ni jumla ya upepo wa ufukweni na upepo unaozaliwa na mwendo, nitauita upepo wa chomboni.

Dhana hii ni ya kale kama tanga lenyewe, lakini sidhani kama kuna mchezo unaoidhihirisha kuliko ule wa kupanda foili kwa bawa la mkononi. Mchezaji husimama juu ya ubao mfupi ambao chini yake imefungwa nguzo nyembamba yenye urefu wa sentimita 70 hadi 90, na mwisho wa nguzo hiyo kuna foili, yaani bawa dogo la chini ya maji ambalo eneo lake halizidi la sinia la wastani. Mikononi hushika bawa la kitambaa lenye mirija ya hewa iliyojazwa kwa pampu, kwa kawaida la meta za mraba 3 hadi 6. Bawa hilo halina mlingoti wala foromali, na halikuunganishwa na ubao. Linashikiliwa kwa mikono tu, pamoja na kamba ya usalama ili lisichukuliwe na upepo. Maji ni mazito kuliko hewa zaidi ya mara 800, ndiyo maana foili ndogo namna hiyo huweza kuunyanyua ubao pamoja na mtu mzima hadi vyote viwili vikaelea hewani, na kinachobaki kugusana na bahari kikawa ni ile nguzo na foili yake.

Vipande vya mchezo huu vilizaliwa mbalimbali. Mwitaliano Enrico Forlanini aliendesha boti ya foili katika Ziwa Maggiore mwaka 1906, na ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili mwaka 1984 hataza ya kaiti, yaani tiara kubwa la kumvuta mtu majini, yenye ukingo wa kujazwa hewa. Mabawa ya mkononi yaliyorithi ukingo huo yalienea madukani kuanzia mwaka 2019. Katika pwani yetu, Paje ya Unguja na Diani ya Kenya zilikuwa tayari zimejulikana kwa kaiti, na bawa likafuata njia iliyokwisha kusafishwa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu dhana hii hubaki kuwa hisia tu. Chukua upepo wa ufukweni wa kilomita 25 kwa saa, na mchezaji anayekwenda kasi hiyohiyo huku upepo ukimjia ubavuni kwa pembe mraba. Upepo wa chomboni utakuwa na kasi ya kilomita 35 kwa saa, nao hautamjia ubavuni tena, bali kutoka mbele kwa mshazari, kwenye nyuzi 45 kati ya ubavu na uso. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake, na kwa sababu hiyo bawa lake sasa linasukumwa kwa nguvu ya mara mbili ya ile iliyolisukuma alipokuwa amepiga magoti juu ya ubao akingoja kuanza. Hilo ndilo linaloeleza jambo ambalo wanaojifunza huliona kama muujiza: kunyanyuka ni kazi, lakini ukishanyanyuka, upepo uleule uliokuwa haba hugeuka kuwa wa kutosha na kubaki. Ubao umetoka majini na ukinzani umepungua, mwendo umeongezeka, na mwendo huo umezalisha upepo wake wenyewe.

Upepo, hata hivyo, haukai mahali pamoja. Kusi huvuma kwa mikupuo, na kaskazi nao, ingawa kwa kawaida ni mpole zaidi, huwa na vipindi vya kunyamaza. Tuseme katika mfano wetu mkupuo umekuja na upepo wa ufukweni ukapanda kutoka kilomita 25 hadi 35 kwa saa. Kwa mtu aliyesimama tuli, nguvu juu ya bawa imekaribia kuwa mara mbili. Kwa yule aliye mbioni, upepo wa chomboni umepanda kutoka 35 hadi 43 tu, na nguvu imeongezeka kwa nusu. Upepo ukishuka hadi 15, aliyesimama hubakiwa na nguvu inayozidi kidogo thuluthi moja ya ile aliyokuwa nayo, kwa hesabu kamili asilimia 36, ilhali aliye mbioni bado ana asilimia 68. Kwa maneno mengine, mwendo huulainisha upepo unaobadilika, na jambo hili naliona kuwa kiini cha mchezo wote, kwa sababu linaeleza kwa nini siku moja, katika bahari moja na kwa vifaa vinavyolingana, mmoja hupita akienda na kurudi bila shida na mwenzake akabaki majini akiulaumu upepo. Kila mmoja wao ana upepo wake.

Mabadiliko hayo hayagusi nguvu peke yake, yanagusa na mwelekeo. Upepo unaposhuka ghafla huku ubao ukiwa bado na kasi yake, upepo wa chomboni husogea kuelekea mbele. Katika mfano wetu hutoka nyuzi 45 hadi 31. Bawa huanza kupepea kama bendera, na mchezaji mgeni huapa kwamba upepo umegeuka. Haukugeuka, umepungua tu, na dawa yake ni kuuelekeza ubao kidogo upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, ili bawa lijae tena kabla kasi haijapotea. Mkupuo unapokuja mambo huwa kinyume: upepo wa chomboni husogea kuelekea ubavuni, bawa hushiba, na foili hutaka kupanda. Hapo mzoefu hulegeza mkono wa nyuma, huhamishia uzito mguu wa mbele, na huitumia nafasi hiyo kupanda joshini, yaani kule upepo unakotoka, kama nahodha wa ngalawa anayebisha afanyavyo kila mkupuo unapomruhusu. Asipohamisha uzito, foili hufika juu ya maji, huvuta hewa, hupoteza nguvu yake yote kwa mara moja na kumwangusha.

Mpaka hapa tumezungumzia bahari kana kwamba ni sakafu. Mawimbi yanapoingia, hesabu hupata upande wa pili, kwa kuwa wimbi nalo ni injini. Foili ina ukinzani mdogo kiasi kwamba huweza kuteleza juu ya wimbi ambalo bado halijavunjika, wimbi ambalo ubao wa kawaida wa kuteleza mawimbini usingeweza kulikamata. Mbele ya wimbi maji huwa yanapanda, na foili iliyokaa hapo huteremka daima juu ya maji yanayoinuka. Mchezaji anapokwishashikwa na wimbi hulishika bawa kwa kishikio cha mbele tu, akaliacha lielee nyuma yake au pembeni bila kazi.

Kwa nini bawa linakubali kuelea hivyo, wakati upepo unavuma kwa kilomita 25 kwa saa? Jibu liko katika upepo wa chomboni. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 6, yaani lile ambalo kutoka kilele hadi kilele kinachofuata hupita sekunde 6, husafiri katika maji marefu kwa karibu kilomita 34 kwa saa. Aliyelipanda akienda nalo sambamba na upepo huwa anaupita upepo wenyewe, kwa hiyo humpiga usoni kwa kilomita 9 kwa saa, hata kama watu walioko ufukweni wanauona ukimvumia mgongoni. Wimbi hilo likifika kwenye kina cha mita 4 hupungua hadi karibu kilomita 21 kwa saa. Sasa upepo wa chomboni umegeuka na unatoka nyuma, wa kilomita 4 tu. Kwenye kina cha mita 2 wimbi huenda kwa kilomita 15 hivi, na upepo wa nyuma umekuwa 10. Katika muda mfupi wa safari moja ya kuja ufukweni, upepo wa ufukweni ukiwa haujabadilika hata chembe, mchezaji amepigwa na upepo wa mbele, akapita katika shwari, na kisha akasukumwa kutoka nyuma. Asiyejua hushtuka bawa linapomrukia kichwani. Anayejua hulihamisha mapema, mara tu anapoona rangi ya maji ikibadilika kutoka buluu iliyokolea kuwa ya kijani.

Na katika ufukwe wa mashariki wa Unguja rangi hiyo hubadilika kwa saa. Paje ina wangwa mpana mbele ya mwamba, na maji ya bamvua huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Maji yakipwa kabisa, sehemu kubwa ya wangwa huwa ya magotini au mchanga mtupu, na hapo mwenye foili hana la kufanya: nguzo ya sentimita 80 hugonga chini, na chini kuna mawe, kuna viumbe wa baharini wenye miiba, na kuna vigingi na kamba za akinamama wanaolima mwani, ambao walikuwepo kabla ya michezo hii na ambao haki yao ya mahali hapo haihitaji mjadala. Mwenye kaiti na ubao wa kawaida huweza kuendelea katika maji haba; mwenye foili husubiri yamfike kifuani. Maji yakijaa, mwamba hufunikwa, mawimbi hupita juu yake, na wangwa uliokuwa laini huanza kuwa na matuta.

Mkondo wa maji hayo huingia moja kwa moja katika hesabu yetu, jambo ambalo wengi hulisahau. Chukua mlango wa mwamba wakati wa kupwa, maji yakitoka kwa kilomita 4 kwa saa huku upepo wa kilomita 22 ukivuma kuingia. Anayeelea hapo juu ya ubao wake, bila kufanya lolote, anabebwa kuelekea upepo unakotoka, na upepo wa chomboni kwake ni 26. Saa kadhaa baadaye, maji yakijaa kwa kasi hiyohiyo, anabebwa pamoja na upepo, na upepo wa chomboni ni 18. Tofauti ya nguvu kati ya hali hizo mbili ni mara mbili, na utabiri wa hali ya hewa haukubadilika. Zaidi ya hapo, mawimbi yanayokutana na mkondo unaotoka hufupika na kusimama wima, kwa hiyo mahali palepale penye nguvu zaidi ndipo penye maji mabaya zaidi. Ningemshauri anayejifunza aukwepe mlango wa mwamba maji yanapopwa, si kwa sababu ya mawimbi peke yake, bali kwa sababu mkondo ukimtoa nje upepo hautamrejesha kwa urahisi akiwa ameshaanguka.

Kuhusu utabiri kuna neno moja zaidi. Kasi zinazotangazwa kwa kawaida ni za urefu wa mita 10 juu ya ardhi au bahari, na ni wastani. Bawa hushikwa karibu na mabega, ambako upepo ni pungufu. Hivyo anayechagua ukubwa wa bawa kwa kuangalia simu tu hukosea mara kwa mara, na bahari yenyewe humjulisha vizuri zaidi: povu jeupe likionekana hapa na pale, upepo umeanza kufaa kwa mabawa makubwa, povu likiwa limetapakaa kote, bawa la kati linatosha. Mimi binafsi humwamini zaidi aliyekwishaingia majini kuliko aliyesimama kando yangu, ila naye nitamuuliza kwanza kama alikuwa amenyanyuka au alikuwa bado anahangaika kuanza, kwa kuwa majibu ya wawili hao kuhusu upepo wa saa ileile hayawezi kufanana.

Jioni ya kusi, jua linapoteremka na nchi kavu inapopoa, upepo wa ufukweni hupungua polepole, na hapo tofauti hii huonekana wazi kwa yeyote anayetazama. Wale walio juu ya foili zao huendelea kuja na kwenda kwa muda mrefu baada ya upepo kuwa haba mno kwa mtu kuanzia chini. Anayeanguka wakati huo hanyanyuki tena. Hulilaza bawa juu ya ubao, hulala kifudifudi, na hupiga makasia kwa mikono kuelekea nchi kavu.