Mzee akichanganyikiwa baada ya kuanza dawa ya sonona, msiseme ni uzee

Malalamiko yanayotufikia kwenye dirisha la dawa hapa Moshi yanafanana: mzee ameanzishiwa dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), baada ya siku chache "ameharibikiwa", familia ikaitupa dawa. Nawasihi ndugu, dawa isitupwe. Mleteni mzee pamoja na dawa zake.

Tuanze na amitriptilini, moja ya dawa za sonona. Wengi wanaijua kama dawa ya usingizi au ya ganzi, kwa kuwa hupewa pia wagonjwa wa kisukari wanaowaka moto nyayo. Ndiyo sababu jirani humgawia jirani. Kwa mzee, ini na figo huiondoa dawa polepole, hivyo hukaa mwilini muda mrefu. Mdomo hukauka, choo kinakuwa kigumu, na mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuziba mkojo kabisa. Wengine huweweseka usiku, wakaitwa watu waliochezewa. Hakuna aliyewachezea.

Linalotuumiza zaidi ni kuanguka. Bibi anaamka usiku wa manane kwenda choo cha nje, anasimama ghafla, presha inashuka, macho yanaingia giza, anadondokea kizingitini na nyonga inavunjika. Asubuhi watu wanasema miguu imechoka. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache kabla ya kusimama, taa iwe karibu, na ndoo iwekwe chumbani. Mbege (pombe ya ndizi) na dawa hii haviendi pamoja, hata kikombe kimoja cha sherehe.

Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, haileweshi hivyo, lakini inaweza kushusha sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwenye damu, hasa wiki za mwanzo, na zaidi kwa mzee anayemeza vidonge vya presha vya kukojosha maji. Dalili ni kichefuchefu, kichwa kuuma, kulegea, kuchanganyikiwa, na ikizidi, degedege. Kumwongezea chumvi kwenye mchuzi si tiba, na mgonjwa wa presha mnamuumiza. Kinachotakiwa ni kipimo cha damu. Akiwa anameza pia dawa za maumivu kama diklofenaki au aspirini, angalieni kinyesi cheusi kama lami: huko ni kuvuja damu tumboni. Tramadoli, nayo ya maumivu, isichanganywe bila daktari kujua.

Kuacha ghafla ni kosa jingine. Desemba watoto wanapanda kutoka Dar, wanaona vidonge mezani, wanaamuru mama asimeze "madawa ya akili". Kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi vinafuata, kisha sonona yenyewe inarudi. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na kwa mzee huweza kuchelewa zaidi. Sonona si kudeka wala upungufu wa imani. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua na aliyeiandika. Ila akiweweseka, akizimia, akipata degedege au akisema anataka kufa, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.

Sasa utaratibu. Dawa hizi hutolewa famasi, kwa cheti cha dawa chenye jina la mgonjwa, umri, tarehe, dozi, muda wa kutumia, na jina na saini ya aliyekiandika. Umri usirukwe, kwani ndio unaotufanya tuulize kuhusu dozi. Duka la dawa muhimu likikutwa na dawa ambazo haliruhusiwi kuuza, dawa hukamatwa, na mwenye duka anaweza kufungiwa na kushtakiwa. Kumbembeleza muuzaji akuuzie "mbili tatu tu" ni kumtia matatani.

Madhara yaripotiwe kwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha. Mwambieni mtoa huduma ajaze fomu ya njano ya madhara ya dawa. Hatuhitaji uthibitisho kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, shaka inatosha, na taarifa za mgonjwa ni siri. Tutauliza jina la dawa, namba ya toleo (batch), siku aliyoanza, na kila kitu kingine anachomeza, pamoja na dawa za asili. Kwa hiyo wekeni vyote kwenye mfuko mmoja, hata pakiti tupu: za kliniki ya presha, za kisukari, na zile alizogawiwa na jirani.