"Von" si jina la mtu

Juzi nimesikia tena redioni: "Gavana Von alipofika Dar es Salaam..." Wiki hiyohiyo mtu akaniambia kwamba meli ya Liemba zamani ilibeba jina la Bwana Graf. Nimevumilia vya kutosha, tuliweke sawa.

Von, ambalo hutamkwa "fon", ni neno dogo la Kijerumani lenye maana ya "wa" au "kutoka". Likikaa katikati ya jina, kwa kawaida huonyesha kwamba mwenye jina anatoka katika ukoo wa makabaila. Huandikwa kwa herufi ndogo. Maana yake ndiyo hiyo.

Sasa mchukue gavana wa Wajerumani aliyekuwepo vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905: Gustav Adolf Graf von Götzen. Gustav Adolf ni majina yake mwenyewe. Graf ni cheo cha ukabaila, daraja moja juu ya Freiherr (baroni) na chini ya Fürst (kabaila wa daraja la juu zaidi). Götzen ni ukoo. Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, mwanzoni ilipewa cheo na ukoo wake, Graf von Götzen, basi. Kumwita "Bwana Graf" ni kama kumwita Barghash "Bwana Sultani" ukadhani umeshamtaja jina.

Hapo kale von haikuwa heshima yoyote, ilikuwa kama anwani. Kabaila alijulikana kwa ngome au kijiji chake. Ukoo wa Bismarck, yule kansela wa Ujerumani aliyeita mkutano wa Berlin wa 1884–85 kuhusu Afrika, ulipata jina kutoka mji mdogo wa Bismark katika eneo la Altmark, na babu yao wa kwanza kutajwa, Herebord, alikuwa mkazi wa mjini Stendal karne ya 13. Zama hizo hata mtu wa kawaida aliweza kuitwa von fulani kwa sababu tu alitoka huko, na kaskazini mwa Ujerumani zipo familia zilizobaki na von hadi leo bila ukabaila wowote. Ndiyo maana jeshi la Prussia, dola kubwa la Wajerumani wakati huo, katika orodha za maofisa wake, lilimwandika kabaila kwa kifupi, "v.", na asiye kabaila "von" kwa ukamilifu.

Baadaye watawala wakaanza kuitoa von kwa hati. Hapa ndipo watu wanapoteleza, na hapa ndipo penye uzito. Wajerumani hutofautisha Uradel, yaani koo zilizokuwa za makabaila tangu Zama za Kati, na Briefadel, waliopandishwa kwa barua ya mfalme. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alitoka katika ukoo wa kale wa Pomerania. Goethe, mshairi, alizaliwa Goethe mtupu, akapata von mwaka 1782. Von ya namna hii, ya hati, haitaji mahali popote. Tom Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyepigana na Mkwawa, aliongezewa von baadaye, na alipouawa Tanga Novemba 1914 alikuwa von Prince. Hakuna mji wa Prince aliotoka, wala hakuwa mwanamfalme. Prince ni jina la baba yake, aliyetoka Uingereza.

Sasa Wissmann, kamanda aliyetumwa na Wajerumani kuzima vita vya watu wa pwani vilivyoongozwa na Abushiri. Maandishi yetu mengi husema "von Wissmann alimnyonga Abushiri Pangani mwaka 1889". Hapana. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na aliyeongoza kazi hiyo aliitwa Hermann Wissmann. Von aliipata katikati ya mwaka 1890 kutoka kwa Kaizari Wilhelm II, kwa kuizima vita ile ile ya pwani. Mfuatano huo unanigusa sana. Silabi ile ni ujira, na umelipwa kwa damu ya watu wa Pangani, Bagamoyo na Saadani. Ukimvika kabla ya wakati unamfanya aonekane kabaila wa kuzaliwa aliyekuja kutawala, na kile alicholipwa kwacho kinafutika.

Mwaka 1919 Katiba ya Weimar, yaani ya jamhuri ya Ujerumani iliyofuata baada ya Kaizari, kifungu cha 109, ilifuta upendeleo wa makabaila na kuzuia vyeo vipya. Von na Graf zikabaki sehemu ya jina la ukoo tu. Austria iliifuta von kabisa mwaka huohuo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema "Gavana von Götzen" au "Gavana Götzen", zote sawa. Kwenye faharasa mtafute chini ya G. Na ukifika mwaka 1889, sema Wissmann tu.