Funga ya Olajuwon na Wanayoyazua Watu

Ramadhani inapokaribia, wazazi na makocha wa vijana ninaowashauri kuhusu lishe ya michezo hunirudia na hoja ile ile: mchezaji anayefunga hawezi kushindana katika mpira wa kikapu, na Hakeem Olajuwon, nyota Mwislamu wa zamani wa kikapu ninayemtolea mfano, bila shaka alikuwa akila siku za mechi. Hoja hiyo imenichosha, kwa sababu inawavunja moyo vijana bila msingi wowote.

Mwaka 1995 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Olajuwon alifunga hata siku za mechi, na kwa mwezi huo huo akachaguliwa Mchezaji Bora wa Mwezi. Ilipofika Juni, timu yake, Houston Rockets, ilitwaa ubingwa wa pili mfululizo, naye akawa mchezaji bora wa fainali kama mwaka uliotangulia.

Wanaolisimulia jambo hilo kana kwamba ni muujiza nao wanapotosha. Mechi nyingi za NBA huchezwa usiku, na mjini Houston jua la Februari huzama mapema, kwa hiyo mara nyingi aliingia uwanjani akiwa amekwisha kufuturu. Mtihani wenyewe ulikuwa mechi za mchana, ambazo alizicheza bila kunywa maji. Inasimuliwa kwamba kabla ya alfajiri alikula tende saba na kunywa galoni nzima ya maji, yaani karibu lita 3.8. Tende hizo vijana waziige. Galoni hiyo waiache, kwani maji mengi yanayonywewa kwa mkupuo mmoja wakati wa daku hutoka upesi kwa mkojo. Nimesema mara nyingi na ninarudia: maji yagawanywe kidogo kidogo tangu magharibi hadi daku, yaambatane na uji na chakula chenye chumvi ya kiasi, na usingizi usikatwe kwa mazungumzo ya usiku kucha. Katika pwani yetu, ambako mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila maji mwaka wowote, kocha anayeng'ang'ania mazoezi mazito ya saa kumi alasiri badala ya kuyasogeza baada ya tarawehe ndiye anayewachosha wachezaji wake, kisha lawama anaibebesha funga.

Wengine hudhani kwamba Olajuwon alisilimu Marekani, kama Kareem Abdul-Jabbar, nyota mwingine wa NBA. Sivyo: alizaliwa Lagos mwaka 1963 katika familia ya Kiislamu ya Wayoruba, na alichokifanya Houston ni kuishika dini yake kwa nguvu zaidi.

Wapo pia wanaoamini kwamba uchamungu hufukuza wadhamini. Olajuwon aliuza viatu vya kampuni ya Spalding kwa jina lake, tena kwa bei nafuu kuliko vya nyota wengi wa wakati wake. Hapo ndipo hunitajia Mahmoud Abdul-Rauf, mchezaji Mwislamu wa timu ya Denver Nuggets, aliyesimamishwa kucheza na ligi Machi 1996. Hasara aliyoipata kikazi ilikuwa ya kweli, wala siipuuzi, lakini alisimamishwa kwa kukataa kusimama wakati wa wimbo wa taifa, si kwa sababu ya swala wala funga, na mechi aliyoikosa kwa adhabu hiyo ilikuwa moja. Baadaye yeye na ligi walikubaliana kwamba asimame huku akiomba dua kimya kimya.