Wazazi wa Malindi, mkiulizwa kuhusu jinsia ulizeni: jinsia ipi?

Mkusanya maoni akibisha hodi kwako, Shela au Barani, akakuuliza, "Je, watoto wafundishwe mambo ya jinsia shuleni?", usimjibu upesi. Neno hilo tumelitwika mizigo mingi. Yuko anayesikia maumbile ya kike na ya kiume. Yuko anayesikia usawa wa kijinsia wa barazani kwa chifu: binti asikatizwe masomo, asiozwe mapema. Mwingine anasikia elimu ya kubaleghe, hedhi na kadhalika. Na upo utambulisho wa kijinsia, yaani vile mtu anavyojihisi nafsini mwake kuwa mume au mke, hata kama hisia hiyo haiafikiani na umbile lake. Watanzania wamejaribu kutenga "jinsi", yaani umbile la kike au la kiume, na "jinsia", yaani nafasi ambazo jamii humpa mume au mke. Huku kwetu tofauti hiyo haijazoeleka.

Basi mama mmoja atasema ndiyo akiwaza hedhi, jirani yake atasema la akiwaza utambulisho, na dodoso litawahesabu kuwa mahasimu ilhali huenda fikira zao ni moja.

Marekani, ambako suala hili limezua mabishano makali, taasisi ya utafiti wa maoni ya Pew Research Center iliwauliza wazazi wenye watoto wa shule mwaka 2022 ikiwapa majibu matatu. Asilimia 31 walipendelea mtoto ajifunze kwamba mtu anaweza kuwa mume au mke kinyume na jinsi aliyozaliwa nayo. Asilimia 31 wengine walitaka ajifunze kwamba jinsi aliyozaliwa nayo mtu ndiyo inayoamua. Asilimia 37 walisema shule isiliguse kabisa. Swali la ndiyo au la lingewachanganya watu hawa wote. Takwimu hizo ni za wazazi wa kule, na asije mtu akawasemea nazo wazazi wa Malindi.

Ila jibu lile la tatu lina mizizi hapa pwani. Binti akivunja ungo, aliyemfunza alikuwa somo wake, yaani kungwi wake, faraghani, kwa lugha yenye stara. Kwa hiyo mzazi anayesema "si shuleni" huenda hakatai mtoto afunzwe; anakataa mahali, na anakataa mfunzaji. Dodoso lisilompa nafasi ya kusema hivyo linamdhulumu, na mimi nisingeyaamini matokeo yake.

Kuna mtoto mmoja anayenitia uchungu kila mjadala huu unapopamba moto: huntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Hali yake ni ya mwili, na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamemjadili tangu kale katika hukumu za mirathi. Sensa ya Kenya ya 2019, ya kwanza kuwahesabu, iliwapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja na kumlinda. Mzazi anaweza kupinga somo la utambulisho na bado akataka mwalimu amjue mtoto huyu, amtafutie choo cha kuingia bila kuchekwa. Hayo yaulizwe mbalimbali.

Kwa hivyo mwambie mkusanya maoni akusomee swali kwa Kiswahili cha nyumbani, au kwa Kigiriama ikiwa ndicho chako. Muulize ni la watoto wa umri gani, na nani atakayefundisha. Asipoweza kukueleza, una haki ya kutojibu.