Kwa nini ukiandika “mbeya” kompyuta inaandika “0beya”?

Kitufe cha kibodi hakijui herufi iliyochapwa juu yake. Ukikibonyeza, kibodi hutuma namba inayoonyesha ni kitufe cha mahali gani kimeguswa, basi. Kuamua kwamba namba hiyo ni M au Q ni kazi ya Windows. Ndiyo maana kompyuta mpakato inaweza kutoa herufi za ajabu huku kibodi yake ikiwa nzima kabisa, na ndiyo maana tunasisitiza: soma kosa kwanza, bisibisi baadaye.

Andika neno moja kwa herufi ndogo: mbeya.

Likitoka 0beya, Num Lock (swichi ya namba) imewaka. Baadhi ya kompyuta ndogo zisizo na safu ya namba upande wa kulia, hasa za zamani, huzificha namba hizo ndani ya herufi: U, I, O huwa 4, 5, 6, J, K, L huwa 1, 2, 3, M huwa 0. Wa Iringa akiandika “kilolo” atapata 253636 na kudhani kibodi imekufa. Bonyeza Fn pamoja na kitufe kilichoandikwa NumLk. Kama hakipo, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja ili kibodi itokee kwenye skrini, ingia Options, ruhusu sehemu ya namba, kisha zima NumLock hapo hapo.

Likitoka mbeza, Windows imewekewa mpangilio wa Kijerumani, ambao Y na Z hubadilishana nafasi. Likitoka “,beyq”, ni wa Kifaransa. Kompyuta za mtumba kutoka Uingereza zina kisa chao: kibodi ina £ juu ya 3, lakini Windows imewekwa mpangilio wa Marekani, basi ukibonyeza penye @ inatoka alama ya kunukuu na anwani ya barua pepe haiandikiki. Bonyeza Windows na kitufe cha nafasi kubadili mpangilio. Ili lisijirudie, ingia Settings, Time & language, Language & region, weka mpangilio unaolingana na kibodi yako na uondoe mingine. Nywila inayokataliwa ghafla mara nyingi chanzo chake ni hiki hiki.

Sasa kosa la tatu, ambalo ndilo zito: unabonyeza E, zinatoka E na 3 pamoja, au herufi inajiandika yenyewe mfululizo. Hapo chomeka kibodi ya nje ya USB. Ikiandika sawasawa huku ya ndani ikikosea vile vile, shida iko chini ya vitufe.

Chini yake kuna karatasi mbili nyembamba za plastiki zenye mistari inayopitisha umeme, zimetenganishwa na ya tatu yenye matundu. Kubonyeza ni kugusanisha mistari miwili. Chai ya maziwa ikimwagika, maji hukauka lakini sukari hubaki ikinata kati ya karatasi hizo, na mistari isiyohusiana inaanza kugusana. Kufukia kompyuta kwenye mchele hakuondoi sukari. Mstari ukikatika kwa kutu, kundi zima la vitufe hunyamaza kwa pamoja, hata kama havikupakana. Huku kwetu unyevu nao hauhitaji kumwagika. Mashine iliyolala kwenye baridi ya Julai ya Njombe au Makete ikiingizwa kwenye chumba chenye joto na mvuke, matone hujitengeneza ndani yake. Iache imezimwa kama saa moja ipate joto la chumba kabla ya kuiwasha.

Kioevu kikimwagika, zima papo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, chomoa chaja, igeuze kibodi ielekee chini, na usiiwashe “kujaribu”. Kitufe kimoja kinachonata kinaweza kusafishwa kwa pamba na spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, mashine ikiwa imezimwa. Kama herufi nyingi zinakosea, fungua: tenganisha betri kwanza, kisha tafuta mkanda bapa unaounganisha kibodi na bodi kuu. Kufuli yake ni kijiplastiki chembamba. Kinyanyue kwa ukucha, usivute mkanda kikiwa kimefungwa. Futa ncha zake, zikauke, rudisha mkanda ukiwa umenyooka kabisa. Mkanda uliokaa upande huleta dalili zile zile za kibodi mbovu.

Karatasi zikishaliwa na kutu, badilisha kibodi nzima. Kabla ya kulipa dukani, linganisha namba ya sehemu iliyo mgongoni mwa kibodi ya zamani, umbo la Enter (ya Uingereza ni ndefu kwenda chini, ya Marekani imelala), na kama ina taa. Mashine nyingi za sasa kibodi imebanwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kwenye fremu. Kuifungua ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, na wakati mwingine hununuliwa pamoja na fremu yake.

Na ukiona kibodi imenyanyuka katikati au paneli ya kipanya imetuna, usiibonyeze irudi. Betri imevimba chini yake: zima, acha kuchaji, ipeleke kwa fundi aitoe bila kuitoboa.