Chuo kikuu cha Kijesuiti hutunza nini hasa?

Kazi yangu ni historia ya elimu ya juu, na vyuo vikuu vya Kijesuiti huniletea swali lilelile kila mara: vinawezaje kushika mila na wakati huohuo kufungua maabara za akili mnemba? Anayeuliza huwa ameshaamua kwamba mila ni jiwe na ubunifu ni maji.

Shirika la Yesu, yaani shirika la kitawa la Kikatoliki la Wajesuiti, lilipoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1540, shule hazikuwa kazi yake kuu. Mwaka 1548 viongozi wa mji wa Messina, Sicily, waliomba chuo kwa ajili ya vijana wao, Wajesuiti wakakubali, na kazi hiyo ikawateka. Mwongozo wao wa elimu, Ratio Studiorum, ulitoka mwaka 1599 baada ya rasimu kupelekwa kwa walimu na kurudi na masahihisho yao. Madarasa ya ngazi kwa ngazi, marudio ya somo, mabishano ya mdomo: kwa zama zile huo ulikuwa utaratibu wa kisasa kabisa.

Kisha mwongozo ukaanza kuabudiwa. Kufikia mwisho wa karne ya 19, Charles Eliot, rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa amewaruhusu wanafunzi wachague masomo yao, huku vyuo vya Kijesuiti nchini Marekani vikiendelea kumlisha kila kijana Kilatini na Kigiriki kwa kipimo kimoja. Mwaka 1899 Eliot aliwashambulia Wajesuiti hadharani, na wahitimu wa Boston College, chuo chao, hawakupokelewa kama wengine katika shule ya sheria ya Harvard. Kulikuwa na dharau dhidi ya Wakatoliki ndani yake, sikatai. Lakini Wajesuiti nao walikuwa wakitetea orodha ya masomo kana kwamba ndiyo roho ya mwanzilishi wao, Ignatius wa Loyola.

Ajabu ni kwamba miaka kumi tu baadaye, mwaka 1909, Padri Frederick Odenbach wa Cleveland aliona kitu ambacho wenzake hawakukiona: vyuo vyao vilitapakaa nchi nzima, kwa hiyo vingefaa sana kuwekewa mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi. Mtandao wa mitambo hiyo ukaundwa, na Saint Louis University ikaja kuwa na jina kubwa katika fani hiyo. Hakuna aliyebadili imani yake kwa ajili hiyo.

Uongozi ulibadilika pia. Mwaka 1967 Saint Louis iliwapa walei, yaani watu wasio mapadri wala watawa, wingi katika bodi yake ya wadhamini, na mwaka 2001 Georgetown ikapata rais mlei. Mapadri wamepungua, kwa hiyo utambulisho wa chuo sasa hubebwa na wahasibu na walimu wa uhandisi ambao pengine si Wakatoliki. Kwangu hilo halitishi.

Linalonisumbua ni ada. Vyuo vya mwanzo vilifundisha bure kwa fedha za wafadhili. Hii leo mzazi wa kawaida Marekani huona bei akageuka. Mila hiyo iliachwa kimyakimya, na ni nadra kutajwa kwenye hotuba za mahafali.

Kuhusu programu zinazoandika insha kwa niaba ya mwanafunzi, ushauri wangu ni mfupi: rudisheni mabishano ya mdomo ya 1599, mbele ya mwalimu, kila wiki.