Kugeuka na kulenga: macho mawili yanavyotazama kitu cha karibu

Shika kalamu mbele yako, kisha isogeze polepole kuelekea puani huku ukikodolea ncha yake. Macho yote mawili yanageukia ndani, ili kila moja liielekee ncha hiyohiyo. Wakati huohuo lenzi iliyo nyuma ya mboni inanenepa, picha isiwe na ukungu. Mboni nayo inasinyaa, jambo ambalo wengi hawalitambui.

Kugeuza jicho ni kazi ya misuli iliyoshikana nalo kwa nje. Kulenga, yaani kuibadilisha lenzi ili picha iwe wazi, ni kazi ya msuli wa mviringo uliomo ndani. Msuli huu hauibani lenzi, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Unapokaza, nyuzi zinazoivuta lenzi kutoka pande zote hulegea, na lenzi ikiachiwa hujinenepea yenyewe.

Misuli ni tofauti, lakini amri hutoka sehemu moja ya ubongo wa kati na kupitia neva ileile, ya tatu kati ya neva za kichwa. Unaweza kulihakiki hili nyumbani. Mtu afunike jicho moja kwa kiganja, atazame mbali, kisha asome herufi ndogo za karibu. Ukichungulia nyuma ya kiganja utaona jicho lililofunikwa nalo limegeukia puani, ingawa halina linachokiona.

Hata hivyo kamba hii inayounganisha kulenga na kugeuka haivuti mzigo wote. Ukisoma kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni, macho yanatakiwa kukutana kwa pembe ya kama digrii 9. Kwa mtu wa kawaida, kulenga peke yake huleta kama digrii 6. Zinazobaki huzalishwa zaidi na ubongo wenyewe, ambao hauvumilii kuona vitu viwiviwili na huyasukuma macho mpaka picha mbili ziungane. Wapo ambao msukumo huo ni dhaifu: wakisoma kidogo tu, mistari inapandana na kichwa kinauma, ilhali kila jicho likipimwa peke yake linaonekana zima.

Kwa watoto uhusiano huu huonekana waziwazi. Mtoto ambaye jicho lake ni fupi kuliko kawaida, kutoka mbele hadi nyuma, hulazimika kulenga hata anapotazama mbali, na akitazama karibu hulenga maradufu. Kila anapolenga, macho yanavutwa ndani, hadi jicho moja linaingia kengeza, mara nyingi kati ya miaka 2 na 3. Daktari humtia matone ya kulegeza msuli wa kulenga, anampima, kisha anampa miwani. Miwani ikibeba kazi ya lenzi, wengi wao macho hunyooka bila upasuaji. Si makengeza yote yana chanzo hiki, lakini kusubiri yapone yenyewe ni kumhatarisha mtoto, kwa sababu ubongo unaweza kuzoea kulipuuza jicho lililopinda.

Baada ya miaka 40 lenzi inakuwa ngumu, amri inafika na haitekelezwi ipasavyo, japo macho bado yanageuka vizuri. Hapo ndipo miwani ya kusomea huingia.

Miwani ya kidijitali ya kuvaa usoni, yenye skrini ndani yake inayoonyesha ulimwengu wa kubuni, huzua mgongano wa namna nyingine: picha yake inalengwa kwa umbali mmoja usiobadilika, lakini kitu kinachoonekana kukujia karibu kinayataka macho yageuke ndani. Kugeuka kunadai umbali mmoja, kulenga kunadai mwingine, na baadhi ya watu huivua wakiwa na macho mazito na kizunguzungu.